Nusu ya fundisho: juu ya uzazi, mila na Kanisa



Tulikuwa kwenye matanga, katika komini moja ya Lubumbashi. Aliyelala ndani ya sanduku alikuwa mama wa watoto wanane, na yule wa tisa alikwenda naye. Munganga alikuwa amemwambia mara mbili, nyuma ya mutoto wa saba na nyuma ya mutoto wa nane: mama, mwili wako umechoka, pumzika kwanza. Mama akarudi nyumbani na neno lile, akamwambia bwana yake. Bwana akajibu kwamba wao ni Wakatoliki. Neno likaishia pale.

Usiku, karibu na moto, muzee mmoja akasimama kutuliza watu. Akasema: «Tusilie sana. Ni Mungu njo anapanaka, ni Mungu njo anakamataka. Na tena ile njo mila yetu: muntu anazala mupaka kizazi kinaisha.» Watu wakaitika. Na sisi tulikuwa pale, watu wa shirika la kutunza mila, watu waliosoma, wengine wetu wakiwa katika kamati za parokia zao. Hatukusema kitu. Maandiko haya yanatoka katika kimya kile.

Hatumtukani muzee. Alirudilia kile alichosikia tangu utoto wake. Lakini alisingizia watu wawili wasiokuwa pale kujitetea: alisingizia mankambo, akasingizia Kanisa. Mankambo hawakusema mutu azae bila hesabu. Kanisa nalo halikusema hivyo. Waliosema ni wengine, na faida ilikuwa ya wengine. Na sisi wanaume tumelishika neno lile sababu linatufaa. Tutaonyesha mambo haya moja kwa moja.

1. Mankambo walihesabu

Tuanze na mila, sababu njo kazi ya shirika letu. Waulizeni mama wazee walio bado wazima, wa upande wa Lualaba, wa Lomami, wa Luapula, gisi mama zao walivyoishi nyuma ya kuzaa. Kila mmoja atajibu kwa luga ya kwao, lakini jibu ni karibu moja. Mama aliyezaa alinyonyesha mutoto miaka miwili, mara nyingi zaidi. Muda ule bwana hakumkaribia. Wengi walirudi kwa mama zao wazazi, wakakaa kule mpaka mutoto atembee vizuri, akimbie, atumwe kwa jirani kuomba moto. Bibi aliyeshika mimba na mutoto mwingine akiwa bado mugongoni aliona haya kupita mbele ya watu, na bwana yake alichekwa kama mutu asiyejua kujitawala. Kama mutoto yule wa mugongoni akidhoofika, kila mutu alijua nani wa kulaumiwa.

Wandugu zetu wa Kivu wana jina la ugonjwa wa mutoto anayevimba miguu, nywele zinageuka nyekundu, hacheki tena: wanauita bwaki. Waganga wamechunguza ugonjwa ule, wakaona ni kukosa chakula cha kujenga mwili. Ni kweli. Lakini mama wazee walijua tangu zamani mulango ambao ugonjwa unaingilia: mutoto ametolewa kwenye ziwa mbele ya wakati wake. Hata neno kwashiorkor, ambalo waganga wa dunia nzima wanalitumia, lilitoka kwa watu wa kabila la Ga, kule Ghana, na maana yake kwao ni ugonjwa wa mutoto aliyeondolewa mahali pake na mudogo wake. Huku na kule Afrika, wazee wetu waliona kitu kimoja, wakakiwekea sheria.

Kwa hiyo, yule anayesema kwamba kuachanisha watoto ni kitu kilichokuja na ndege, anatukana akili ya mankambo yake mwenyewe.

Lakini tuseme kweli yote, tusijenge mankambo wa zahabu. Desturi ile ilisimama juu ya miguu miwili. Mguu wa kwanza ulikuwa heshima: kijiji chote kilichunga nyumba ya mama anayenyonyesha. Mguu wa pili ulikuwa ndoa ya wake wengi: bwana aliyengoja alikuwa na nyumba nyingine ya kwenda kulala. Wengi walioitwa wenye kungoja hawakungoja kweli. Mzigo ulikuwa wa mwanamke. Hatulombi kurudisha mguu ule wa pili. Tunasema tu kwamba hesabu ilikuwako, na haikuwa siri ya wanawake peke yao. Wazee waume kwa wake waliisimamia.

2. Nani alivunja hesabu?

Mwanzoni, Union Minière du Haut-Katanga ilileta wanaume peke yao, kwa mikataba mifupi, kutoka mbali. Wengi walikufa, wengi walikimbia au kurudi kwao, na kuandika wengine kulikula mafranka mingi. Kutoka mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ikageuza siasa yake: mufanyakazi aje na bibi, akae kambini, azae, na watoto wake wawe wafanyakazi wa kesho. Posho ikapimwa kwa baba, kwa bibi na kwa watoto. Zawadi ikatolewa kwa mama aliyezaa. Mama wakaitwa kupimisha watoto, wakapewa maziwa na uji, kusudi ziwa likatwe mapema. Kwa wakubwa wa kampuni, kama vile daktari Léopold Mottoulle aliyesimamia mambo ya wafanyakazi, desturi ya mama kungoja miaka miwili mitatu ilikuwa kizuizi. Shimo lilitaka watu.

Misioni nayo, ambayo ilishika masomo ya makambi, ilikuwa na sababu yake. Ilikataza wake wengi, na katika neno lile hatuilaumu. Lakini angalieni matokeo. Bwana hana tena nyumba ya pili. Bibi hawezi kukaa kwa mama yake miaka miwili, sababu kijiji kiko mbali na posho inahesabiwa kambini. Wawili wamebaki chumba kimoja, kitanda kimoja. Desturi imekatwa mguu, na hakuna aliyeipa fimbo ya kuegemea. Kisha serikali ya Wabeleji ikafunga mulango wa nyuma: dekreti ya tarehe 25 Juni 1933 ilikataza kuuza, kugawa na kutangaza vitu vya kuzuia mimba.

Pale njo ilizaliwa «mila» tunayoitetea leo. Kuzaa mwaka na mwaka hakukutoka kijijini, kulitoka kambini. Na kambi, tusisahau, ilikuwa na posho, ilikuwa na lopitali, ilikuwa na masomo, ilikuwa na nyumba. Serikali ilipokamata kampuni mwaka 1967, Gécamines iliyoifuata iliendelea kwa muda kulisha na kusomesha. Kisha ikaanguka katika miaka ya 1990, na kutoka mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walirudishwa nyumbani kwa jina la kuondoka «kwa mapenzi yao». Wengi wetu ni watoto wa watu wale. Tunajua nini kilifuata mezani na gisi gani dada zetu waliacha masomo wa kwanza.

Posho imekwisha. Kuzaa kwa hesabu ya posho kumebaki. Tena tumekuvalisha nguo ya mankambo, tukakupeleka kanisani kubatizwa.

3. Kanisa limesema nini

Tunaandika kama Wakatoliki, na hatutaficha kile ambacho Kanisa linakataa. Mwaka 1930, Papa Pio XI, katika barua Casti connubii, alikataa kila njia ya kuharibu kwa mikono nguvu ya uzazi ya tendo la ndoa. Mwaka 1968, tarehe 25 Julai, Papa Paulo VI akarudilia neno lile katika barua Humanae vitae: akakataa vidonge vya kuzuia mimba, akakataa kufunga kizazi, akakataa kila kinga inayowekwa kabla ya tendo, wakati wake au nyuma yake. Alikataa hata ingawa wengi wa wale aliowaomba shauri katika tume yake walikuwa wamemwelekeza njia nyingine mwaka 1966. Njo fundisho, na halijafutwa.

Lakini ile ni nusu. Nusu ya pili iko wapi?

Iko katika maneno ya Papa Pio XII, tarehe 29 Oktoba 1951, alipozungumza na wakunga wa Italia. Aliwaambia kwamba bwana na bibi wenye sababu nzito, za afya, za mali au za maisha ya watu, wanaweza kufwata siku ambazo mwanamke hashiki mimba, hata kwa muda murefu. Iko katika Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1965, katika andiko Gaudium et spes. Pale imesemwa kwamba kukata shauri juu ya hesabu ya watoto ni kazi ya bwana na bibi wenyewe mbele ya Mungu, wakiangalia faida yao, faida ya watoto waliokwisha kuzaliwa na wale watakaokuja, hali ya nyumba na hali ya wakati. Wao wawili. Si mama mukwe, si ukoo, si katekista, si bwana peke yake.

Na iko ndani ya Humanae vitae yenyewe, barua ile ambayo watu wanaitaja bila kuifungua. Fungu la 10 linasema kwamba wazazi wenye kuwajibika ni wale wanaochagua kwa moyo mukubwa kuongeza watoto, na vilevile wale ambao, kwa sababu nzito na bila kuvunja sheria ya Mungu, wanakata shauri kutozaa tena kwa muda, au hata kwa muda usio na mwisho. Fungu la 16 linafungua njia ya kufwata siku za mwili. Mwaka 1981 Papa Yoane Paulo II, katika Familiaris consortio, aliomba watu wa ndoa wafundishwe siku zile. Na hayati Papa Fransisko, mwezi wa kwanza mwaka 2015, ndani ya ndege akitoka Manila, alisema wazi kwamba kuwa Mkatoliki mwema si kuzaa kama sungura.

Tunauliza basi, na tunangoja jibu: katika maneno yote haya, wapi imesemwa kwamba mama azae mpaka afe? Nani alimupa muzee wa matanga ruhusa ya kusema hivyo kwa jina la Mungu?

4. Nusu ambayo sisi wanaume tumeificha

Fundisho la Kanisa ni kama mzigo wa kuni wenye ncha mbili. Ncha moja inasema: usitumie dawa. Ncha ya pili inasema: basi jizuie, ninyi wawili, siku zile zinapofika. Ncha ya kwanza inamwangukia mwanamke, sababu yeye njo anapelekwa dispanseri kupewa dawa. Ncha ya pili inamwangukia hasa mwanaume. Angalieni sasa katika sité zetu ni ncha gani inabebwa.

Bwana anarudi saa nne ya usiku na harufu ya lutuku. Bibi anamwambia pole pole: «Baba Fulani, munganga alisema tungojee.» Anajibu: «Padri alikatazaka dawa. Weye unataka kuenda mu moto?» Na kama bibi akithubutu kusema kwamba hajalomba dawa, amelomba siku chache tu, jibu ni moja: «Basi nilikuoa ya nini? Nilitoa mali bure?»

Mutu huyu anajiita mutetezi wa Humanae vitae. Kama angefika fungu la 13, angeona kwamba Papa anasema tendo la ndoa linalolazimishwa juu ya mwenzako, bila kujali hali yake wala mapenzi yake halali, si tendo la mapendo, na linavunja sheria ya ndoa yenyewe. Yaani barua ile ile inayokataa vidonge inakataa na usiku ule wa lutuku. Mbona hatujasikia mahubiri mengi juu ya usiku ule? Mbona bibi aliyekunywa kidonge anaogopa kwenda kuungama, na bwana aliyemlazimisha anakwenda kukomunika akiwa amevaa koti?

Ni vilevile kwa mutume Paulo. Wasimamizi wa ndoa wanapenda sana kumkumbusha bibi, katika barua ya kwanza kwa Wakorinto, mulango wa 7, kwamba mwili wake si wake peke yake, ni wa bwana. Wanafunga kitabu pale. Mustari hauishii pale. Unaendelea kusema kwamba mwili wa bwana nao si wake, ni wa bibi. Na mustari unaofwata unasema kwamba wanaweza kuachana kitanda kwa muda, wakipatana. Kupatana ni neno la watu wawili.

Tumekata Biblia nusu, tumekata barua ya Papa nusu, tumekata mila ya mankambo nusu. Na mara zote tatu, nusu tuliyoishika ni ile isiyotugharimu kitu.

5. Katanga ilikuwa na mwalimu wake

Mutu asiseme kwamba bwana na bibi kukaa chini na kuzungumza mambo ya ndoa ni adabu ya Wazungu. Katika miaka ya 1950, kule Kolwezi, katika makambi yale yale ya Union Minière, Padri Placide Tempels, Mfransiskani, yule aliyetoa mwaka 1945 kitabu juu ya filozofia ya Kibantu, alikaa na wafanyakazi na bibi zao. Pale ilizaliwa Jamaa, na wazee wetu wengi walipita ndani yake. Waliingia si mutu mmoja mmoja, waliingia bwana na bibi pamoja. Maneno makubwa ya mafundisho yao yalikuwa ya Kiswahili chetu: uzima, uzazi, mapendo.

Angalieni maneno yale matatu gisi yanavyosimama pamoja. Hawakusema uzazi peke yake. Uzazi bila mapendo ni kazi ya kampuni. Uzazi unaoua uzima wa mama hauwezi kuitwa uzazi. Na kwa wana Jamaa, mutu aliweza kuzaa hata bila mimba: alizaa watu kwa roho, kwa mafundisho, kwa kuwatunza. Ilikuwa dawa kubwa kwa mama asiyepata mutoto, yule ambaye ukoo ulimtupa. Yote haya yalitokea kwetu, kwa luga yetu, mbele ya Mtaguso.

6. Tunajibu wale wanaotupinga

Wengine watasema: mambo ya kupanga uzazi ni shauri la Wazungu la kutupunguza, wapate udongo wetu. Hatucheki hofu hii. Nchi ambayo shaba yake na kobalti yake zinatoka kila siku ndani ya malori ina haki ya kuuliza kila mugeni anataka nini. Tumeona pia picha za matangazo ambamo mutoto wa maskini anaonyeshwa kama deni. Lakini tumekwisha kuonyesha kwamba katika Katanga mugeni alitaka kwanza tuzae mingi, si kidogo. Na serikali yetu wenyewe iliingia katika neno hili zamani: mwaka 1972 Mobutu alizungumza juu ya uzazi wa kutakiwa, na mwaka 1973 kamati ya taifa ikaundwa. Swali si nani anafurahi tukiwa wengi ao wachache. Swali ni kama mama huyu, wa avenyu hii, ataona mutoto wake akiingia masomo.

Wengine watasema: njia za asili ni bure, tunajua watu walishika mimba. Ni kweli walishika. Tuangalie kwa nini. Kuna mukufu wa shanga 32, ambao dispanseri nyingi za nchi yetu zimeutumia: shanga nyekundu ni siku ya kwanza ya damu, shanga nyeupe ni siku za hatari, kutoka ya 8 mpaka ya 19. Unafaa kwa mama ambaye mwezi wake unakaa kati ya siku 26 na 32. Mwingine atafute njia ingine pamoja na munganga. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2002 ulikuta kwamba kwa wanawake 100 walioutumia mwaka muzima bila kuvunja siku, karibu 5 walishika mimba. Kwa matumizi ya kawaida, pamoja na wale waliovunja siku, walikuwa 12. Tofauti kubwa kati ya 5 na 12 haitoki kwenye shanga. Inatoka kitandani. Njia ya asili bila mume ni mtumbwi wa kasia moja: unazunguka mahali pamoja.

Hata ziwa lenyewe ni njia. Waganga waliokutana Bellagio, Italia, mwaka 1988, walipatana juu ya neno ambalo mankambo wangelitambua: mama anayenyonyesha mutoto bila kumpa kitu kingine, muchana na usiku, damu yake haijarudi, na mutoto hajafika miezi sita, hatari yake ya kushika mimba haifiki 2 kwa 100. Moja ya masharti yale ikivunjika, kinga imekwisha. Na Shirika la Afya la Dunia, katika mkutano wa wataalamu wa mwaka 2005, lilishauri mama angoje miezi 24 kwa uchache baada ya kuzaa, mbele ya kushika mimba ingine. Miaka miwili! Mama zetu wa kijijini walihesabu vile bila karatasi.

Wengine, hasa vijana waliosoma, watatuuliza: kwa nini msiseme wazi kwamba dawa za dispanseri ni halali, mukamaliza? Tunajibu bila kujificha. Ndani ya shirika letu hatupatani juu ya neno hili. Wako kati yetu wanaoshika Humanae vitae yote, na wako ambao, mbele ya bibi mugonjwa, walichukua njia ingine na wanamwachia Mungu hukumu. Sheria ya nchi ya mwezi wa 12 mwaka 2018 juu ya afya ya watu wote imefungua mulango ambao dekreti ya 1933 iliufunga. Lakini sheria hailazimishi zamiri ya mutu, na sisi hatuna kiti cha kuungamisha. Neno tunalopatana wote ni hili: mama ambaye munganga amemwambia kwamba mimba ingine itamuua, asiachwe peke yake na neno lile. Bwana yake aende naye kwa munganga. Waende pamoja kwa padri. Na jirani mwenye kusema sema afunge kinywa.

Wandugu, tuangalie na hesabu ya nchi. Uchunguzi wa taifa wa miaka 2013 na 2014 ulikuta kwamba mwanamke wa Kongo anazaa watoto 6.6 kwa wastani. Kwa wanawake 100 wenye kuolewa, karibu 20 walitumia njia fulani ya kupanga, lakini karibu 8 tu walitumia njia za kisasa. Maana yake, waliobaki, karibu 12, walihesabu siku ao walijaribu njia zingine za zamani. Kwa hiyo wanawake wengi wanajaribu tayari kwa hesabu, kwa vidole, kwa kukumbuka mwezi, mara nyingi bila mafundisho na bila musaada wa mutu wanayelala naye. Hawakungoja sisi tuandike. Wanatungoja sisi wanaume tuhesabu nao.

7. Tunalomba nini

Kwanza, katika mafundisho ya ndoa parokiani, bwana asipewe karatasi ya kuolewa kama hajui siku za mwili wa bibi yake gisi anavyojua tarehe ya mushahara. Somo lile lisifundishwe na masista kwa wasichana peke yao, huku vijana wanaume wakingoja inje. Baba wa nyumba wenye kuheshimiwa wawafundishe vijana, uso kwa uso.

Pili, anayehubiri juu ya dawa, ahubiri siku ile ile juu ya kujizuia kwa mwanaume na juu ya kulazimisha. Asiyeweza kusema maneno yote mawili, anyamaze kwanza.

Tatu, na hii inatuhusu sisi wa mila. Tunapokaa kwa kutoa mali ya ndoa, wazee wanazungumza muda murefu: mbuzi, mafranka, blanketi ya mama, koti ya baba. Kisha wanabariki: zaeni, mujaze nyumba. Tunalomba baraka ile irudishiwe neno lililoanguka njiani: zaeni, na muchunge mutoto mpaka atembee, mbele ya kumwita mudogo wake. Jamaa ya muke iwe na haki ya kumkumbusha mukwe wao neno lile, kama zamani. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Tunarudilia methali hii kila siku, lakini hatujaiweka katika mapatano ya ndoa.

Tunajua watu watasema tumeingia chumbani kwa watu. Tumeingia, ni kweli. Mankambo waliingia, kampuni iliingia na mufuko wa posho, serikali iliingia na dekreti, Kanisa liliingia na barua. Kila mutu ameingia, isipokuwa mume mwenyewe, ambaye amekaa mulangoni akisema mambo ya uzazi ni ya wanawake.

Juma lililofwata matanga tulipita tena kwa nyumba ile. Bwana alikuwa amekaa inje kwenye kiti, mikono juu ya magoti. Binti yake wa kwanza, wa miaka kumi na tano, alikuwa akisonga bukari, na mutoto wa nane, ambaye hajatimiza mwaka na nusu, alikuwa mugongoni mwake. Hakwenda masomo siku ile, wala siku zilizofwata. Tulimusalimia baba yule. Akatuambia, bila sisi kumuuliza: «Munganga alituambiaka. Miye njo sikusikia.»

Wazee wa moto wa matanga hawakuwa pale kumsikia. Ndiyo sababu tumeliandika neno lake hapa.